In, At, On, na Wakwe Waliokunywa Chai kwa Jirani

Kariuki, weka hicho kikombe chini usome. Wewe ni mtu mzima mwenye kitambi na tai, na jana ulishindwa kuinuka kwenye kiti ukaangalie ni nani amefika. Mtoto wa nasari angeinuka. Mbwa aliinuka.

Leo ni Jumapili. Baridi ya mwezi wa saba imeingia mpaka kwenye mifupa, ukungu umelala hapa Gatitu tangu asubuhi, na Mlima Kenya hatujauona wiki nzima. Sikuenda kanisani. Nikienda watu wataniuliza mambo ya jana, na mimi nikiulizwa huwa najibu, halafu mchungaji anashindwa kuendelea.

Kwa wale wasionijua, mimi ni nyanya yake Wanjiru, Cucu anavyoniita. Wanjiru ni binti wa Kariuki, na Kariuki ni mwanangu wa kwanza, Mungu anisaidie. Wanjiru ndiye aliyenifungulia hii blogu ili niache kumtumia sauti ndefu kwa simu akiwa kazini. Shule nilisoma mpaka darasa la pili, nikatolewa nikalee wadogo zangu. Kiswahili nilijifunzia soko la Karatina, nikiwauzia viazi wake wa polisi waliotoka magharibi. Kikuyu hawakukijua, Kiluhya sikukijua, na viazi lazima viuzwe. Mkiona kosa mahali, pitieni.

Kiingereza sina. Na baada ya wiki hii, sikitaki hata nikipewa bure.

Jana wakwe walikuwa waje. Wanjiru ana mchumba, kijana wa Timau, huko juu upande wa pili wa mlima, Mmeru, anaitwa Mutwiri, fundi wa mabomba ya maji kwenye mashamba ya maua. Sina neno naye. Hajawahi kukanyaga kwetu, na hiyo ni heshima, kwa sababu kijana haji kwao msichana kabla wazee wake hawajaja. Ile safari ya kwanza ya wazee sisi tunaiita kumenya mucii. Kujua nyumbani. Si mahari, si harusi. Ni kuja tu kujua huyu msichana anatoka wapi, geti ni lipi, mama yake ni nani, moshi unatoka jiko gani.

Sikizeni vizuri hapo. Kazi yote ya siku hiyo ni kujua nyumbani ni wapi.

Na mtu wa kwao msichana ndiye huenda kuwangoja barabarani. Anasimama hapo, kunyeshe kusinyeshe. Akiwaona anawasalimia, anatangulia mbele, wao wanafuata mpaka getini. Wanasimama nje waimbe, wanawake wa ndani wanawajibu, ndipo geti lifunguliwe. Nilipoolewa mimi ilikuwa hivyo, na hakuna mzee aliyewahi kupotea.

Lakini watoto wangu wamesoma.

Kariuki ana ofisi kaunti. Dada yake, Njeri, anafundisha Kiingereza huko Endarasha. Hao wawili wakakaa wakaamua ati siku hizi hatusimamishi mtu barabarani kama mlinzi. Tutengeneze kadi, itumwe kwa simu, iwe na maua pembeni na maelezo ya kufika. Na iwe ya Kiingereza, kwa sababu mjomba wake Mutwiri, ambaye ndiye msemaji wao, alikuwa mwalimu mkuu, na hatutaki atuone washamba.

Nikasema mtu asimame barabarani. Nikasema tena. Kariuki akaniambia, "Mami, kuna location, simu itawaonyesha njia." Sijui hiyo location ilisimama wapi jana.

Wakaanza Jumatatu, kwa lile kundi la familia la WhatsApp. Mimi nilidhani kuandika "njooni Gatitu" ni kazi ya kumeza mate.

Wiki nzima!

Kariuki aliandika "in Gatitu". Njeri akamrukia, ati ni "at Gatitu". Kariuki akasema Gatitu ni mahali pakubwa, pana maduka, pana shule, mtu yuko ndani yake, kwa hivyo ni in. Njeri akasema hapana, kwa mtu anayetoka Timau, Gatitu ni kama nukta, na nukta ni at. Hapo nikampigia simu.

"Njeri, shamba la baba yako lililokulipia karo ni nukta?"

"Mami, si hivyo. Ni vile lugha inaangalia."

"Inaangalia na macho gani?"

Akacheka. Mimi sikuwa nacheka.

Halafu wakahamia kwenye mteremko, kwa sababu nyumba yetu iko mteremkoni kama unavyotoka barabarani. Kariuki, "at the slope". Njeri, "on the slope", ati mteremko una mgongo na sisi tumekaa mgongoni. Halafu geti. Wageni wafike in the gate, on the gate ama at the gate? Kwa geti peke yake walikesha. Watu wenye kazi, watu wenye watoto, mmoja na shinikizo la damu, wanagombania mgeni afike kwenye geti namna gani. Akifika na miguu haitoshi?

Nikamwambia Njeri anieleze pole pole, kama anavyowaeleza watoto wa shule. Nilitaka kujua kweli. Akaniambia in ni ndani, on ni juu, at ni hapo. Nikasema sawa, hiyo si ngumu. Halafu akasema ukiwa ndani ya gari dogo uko in, lakini ukiwa ndani ya basi uko on. Nikamuuliza, kwani kwa basi watu wanakaa juu kwenye keria, na mizigo? Akasema hiyo ni hivyo tu. Ukiwa shambani kwako uko on, lakini ukisimama katikati ya ngano uko in. Ukiwa mjini uko in, ukiwa sokoni mjini uko at. Mimi nimezeekea soko la Karatina na sikuwahi kujua nilikuwa at. Nilidhani nilikuwa nauza viazi.

Hiyo "hivyo tu" ndiyo iliyoniudhi. Mtoto wa Endarasha akiandika in mahali pa on anawekewa alama nyekundu, na ukimuuliza mwalimu sababu, hivyo tu. Mimi nikipika chakula nikiambiwa hakina chumvi siwezi kusema hivyo tu.

Lakini sitadanganya hapa. Usiku mmoja nilisoma mabishano yao nikajisikia mdogo. Watoto niliowafuta makamasi wanagombania kitu ambacho mimi siwezi kushika hata upande mmoja. Niliweka simu chini nikaenda kumwangalia ng'ombe, ambaye hakuwa na shida yoyote.

Ijumaa kadi ikatoka. "At the blue gate, on the slope, in Gatitu." Zote tatu zilipata mahali pa kukaa, kila mtu akashinda. Kariuki alinisomea akiwa amesimama, kama anasoma somo la kwanza kanisani. Njeri akatuma mikono ya makofi. Wanjiru maskini akasema ni nzuri.

Sasa, geti la bluu. Duka la vifaa la hapa karibu lilikuwa na rangi ya bluu peke yake kwa muda mrefu, na nusu ya Gatitu tukapaka hiyo. Kila mtu anayeishi hapa anajua. Kariuki anajua, yeye ndiye aliyepaka. Na hapo chini yetu kidogo, kwa Mama Wahome, kuna geti la bluu, na jana kulikuwa na tenti. Binti yao amejifungua. Wanawake wa kikundi walikuwa wamekuja kuona mtoto, wanaimba.

Na sisi tulikuwa na tenti. Na wanawake wetu walikuwa wanaimba, wanajipasha koo.

Saa ya wageni ikafika. Mukimo wa viazi na mahindi umefunikwa, nyama imeiva, Wanjiru amevaa kitenge cha kijani na amekaa chumbani na shangazi zake, hatakiwi kuonekana mapema. Simu ya Kariuki ikalia. Aliweka sauti kubwa ili sote tusikie vile anaongea na wakwe.

"Tumeona geti ya bluu," mtu akasema. "Iko na tenti."

"Yes, yes! Karibuni sana!"

"Ni hapa kunaimbwa?"

"Hapo hapo! Ingieni!"

Nikamwambia, "Kariuki, inuka ukaangalie." Akanipungia mkono hivi, kama mtu anayefukuza nzi. "Mami, tulia. Wako at the gate."

Walikuwa at the gate kweli. La Mama Wahome.

Tukaimba. Tukangoja. Tukaimba tena. Geti letu likatuangalia tu.

Yaliyotendeka huko chini aliniambia Mama Wahome mwenyewe, alipokuja mbio amejishika kichwa. Wanawake wake waliona wazee wa heshima, na Mutwiri nyuma yao, wanaingia na sukari, na unga, na kreti za soda, na blanketi jipya. Wakadhani ni watu wa upande wa baba ya mtoto. Wakapiga vigelegele. Vitu vikapokelewa, vikawekwa pamoja na vingine, blanketi likafunguliwa likasifiwa. Wazee wakakalishwa mbele, wakapewa chai, wakapewa chakula, wakala wakashiba. Kisha yule mjomba akasimama, akavua kofia, akasema vizuri sana kwamba wametoka mbali kwa ajili ya binti wa nyumba hii, na kama wenyeji hawana neno, wangeomba kumwona.

Wakamletea.

Ana wiki mbili. Alikuwa amelala, amefungwa shali ya pinki.

Mama Wahome anasema mzee alimwangalia mtoto, akamwangalia Mutwiri, na Mutwiri akaangalia viatu vyake. Mwanamke mmoja akauliza, "Kwani nyinyi ni akina nani?" Wakasema. Hapo mwingine akaanza kucheka, akashika wa pili, ikawa tenti yote inacheka. Simlaumu. Hata mimi ningecheka, kama si wangu. Lakini mzee aliyevaa suti, aliyejitayarisha maneno kutoka Timau mpaka hapa, alichekwa na kundi la wanawake akiwa ameshika kofia mkononi. Wakainuka. Vitu hawakuchukua, kwa sababu mtu hamnyang'anyi mtoto mchanga. Wakaenda.

Kariuki alipoteremka mbio, tai imerukia begani, alikuta alama za magurudumu kwenye matope.

Jioni mjomba akapiga simu. Hakuongea Kiingereza. Alisema, "Tulikuja kujua nyumbani. Tulichojua, tumejua. Msichana akiwa na watu, wataonekana." Akakata.

Ningedhani baada ya hapo watu wangenyamaza. Leo asubuhi nafungua simu, nakuta Njeri ameandika kwamba kadi haikuwa na kosa, kosa ni la wageni, kwa sababu kadi ilisema on the slope na kwa Mama Wahome ni at the bottom of the slope. Na Kariuki amemjibu kwamba hapo ndipo alipotaka waandike at!

Wameanza tena. Leo. Nyama bado iko kwa sufuria.

Nimezaa wajinga wenye vyeti. Naandika hivyo na sitafuta.

Kariuki alikuja kwangu baada ya chakula cha mchana, akakaa, akasema tungoje. Sisi ndio wenye msichana, ati, na mwenye msichana hafuati watu. Watarudi wenyewe. Kilichoniuma ni kwamba kwa hilo hakusema uongo. Hafuati. Tukionekana Timau tunabisha hodi, watasema tuna msichana aliyetukwama mikononi, tunatafuta wa kumsukumia. Mama yangu angeacha nizeeke nyumbani kabla ya kupanda huo mlima. Na mimi ndivyo nilivyo, nimefanana naye mpaka kidevu.

Nikaenda jikoni. Wanjiru alikuwa anaosha sufuria ambayo ilikuwa imeoshwa jana. Ana miaka thelathini na miwili, ana kazi yake, si mtoto wa kulia kwa sababu ya gauni. Hakuwa analia.

"Cucu, wacha tu," akasema. "Mutwiri hashiki simu."

Akaendelea kusugua.

Nimekaa na hayo mchana wote. Mimi naweza kuishi na kiburi changu, tumezoeana. Lakini nikikilinda, atakayelipa si mimi. Ni huyu anayesugua sufuria safi. Kwa hivyo nikajiuliza swali moja: kumpokea mgeni na kumfuata mtu, ni kitu kimoja?

Si kitu kimoja.

Mgeni alikuwa anatakiwa kungojewa barabarani. Hiyo ilikuwa kazi yetu, si yao, na haikufanywa. Mtu akienda Timau hataenda kumwombea Wanjiru mume. Ataenda kufanya kazi iliyoachwa, na kama barabara imekuwa ndefu, ni kwa sababu alichelewa. Wakitaka kusema tumewafuata, waseme. Mimi najua nilichotuma.

Nikamwomba Wanjiru namba ya nyanya yake Mutwiri. Alikataa, nikamkazia macho, akanipa. Huyo mama ana sauti nzito kama ya mzee wa kanisa.

"Ni nyanya yake Wanjiru, wa Gatitu."

"Wanjiru gani? Ule wa kunyonya?"

"Mkubwa wake."

"Aaa. Ni nyinyi mko na watoto wa kusoma sana."

"Ndio sisi. Wako hapa, bado wanatafuta nyumba iko wapi."

Alicheka mpaka akakohoa. Halafu akaacha kucheka. "Mama, wazee wangu wamenuna. Yule wa ualimu hata chai yangu amekataa, ati alikunywa ya kutosha huko kwenu."

"Hakukunywa kwetu."

"Mwambie yeye."

"Na kijana?"

"Amejifungia. Anasema atamwangalia huyo msichana na uso gani, na alichekwa na mji mzima."

"Msichana naye anasugua sufuria tangu jana. Nikituma mtu, atafukuzwa?"

"Inategemea ni nani. Ukituma kijana na simu, nitamfukuza mimi mwenyewe."

"Nitatuma baba yake msichana."

"Baba mwenyewe? Aje mpaka Timau?"

"Aje, aingie kwa gari lenu, awaongoze mpaka kwangu."

"Hiyo nimesikia," akasema. "Nitaongea na wazee. Mtume Jumamosi. Lakini asiongee Kiingereza hapa. Huyu wetu akisikia kosa lazima arekebishe, na akianza kurekebisha hatutafika huko hata Krismasi."

Nilipenda huyo mama. Simwambii mtu, lakini nilimpenda.

Wanjiru alikuwa amesimama mlangoni, mikono inadondosha maji. Amesikia yote.

"Na Baba atakubali?"

"Sijamuuliza," nikamwambia.

Na sikuulizi, Kariuki. Njeri nimeshamwambia anyamaze kwa hilo kundi mpaka wageni waje, wale, wanywe na waondoke. Wewe Jumamosi utatoka hapa kabla ukungu haujainuka. Gari lako utaliacha, utaenda na gari la abiria kama watu wengine, ili wakati wa kurudi uwe kwenye gari lao, kiti cha mbele, unaonyesha njia kwa mkono. Ukifika Timau usijitetee. Usimtaje Mama Wahome, usitaje mteremko. Sema, "Nimekuja kuwapokea," halafu ufunge mdomo. Kaa pale watakapokukalisha, hata ikiwa ni kigoda kando ya moto, na wasipokuangalia, endelea kukaa. Wakikupa chakula, kula chote. Wakikutukana, mshukuru aliyetukana.

Na usirudi bila wao.